Duara Jekundu la Chapwa

Jumatatu, 17 Novemba

Leo nimeripoti kazini katika kituo cha redio cha hapa mjini Tunduma, nikiwa na barua ya mkataba wa majaribio wa miezi sita na shahada yangu ya teknolojia ya habari ndani ya bahasha. Mkurugenzi, Bwana Nathanaeli Simbeye, alinipokea akiwa amesimama, jambo nililolitafsiri kuwa ni heshima, mpaka nilipogundua kwamba kiti chake kilikuwa kimepelekwa kuchomelewa.

Nimeazimia kuandika shajara hii kwa muda wote wa mkataba, ili siku ya kupimwa niwe na kumbukumbu ya kazi yangu. Ninaishi Chapwa kwa Shangazi Fausta, dada yake baba, mjane mwenye mgahawa wa mabati kando ya barabara kuu, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Mgahawa huo ndio ulionisomesha. Shangazi hana shamba hapa, hana nyumba ya kupangisha, hana mtoto mwingine wa kumtegemea. Ana masufuria na madereva. Nikipata ajira ya kudumu, nimeahidi kumwekea sakafu ya saruji.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua ya kwanza. Barabara ya kwenda ofisini imegeuka uji.

Jumanne, 25 Novemba

Mkurugenzi ameniita akaniuliza kama ninaweza "kuifanya tovuti yetu ionekane inafanya kazi." Nilimwomba ufafanuzi. Alisema kwamba wafadhili wa kituo hudai kila robo mwaka waelezwe tunachapisha nini, kwa wingi gani na kwa ajili ya maeneo yapi, naye kila mara huwaandikia aya ndefu ambazo hata yeye hazisomi mara ya pili.

Nikamweleza kwamba tovuti yetu inaendeshwa na mfumo wa kusimamia maudhui, yaani ghala ambamo kila tangazo na kila habari huhifadhiwa pamoja na tarehe yake, kundi lake na kata inayohusika. Ninaweza kutengeneza programu ndogo ya wavuti itakayochota data kutoka katika ghala hilo na kuichora: grafu, ramani, mistari inayopanda na kushuka. Mkurugenzi alinitazama kama mtu aliyeletewa chai bila kuagiza.

"Na itakuwa na rangi?"

"Itakuwa na rangi, Mkurugenzi."

"Basi fanya."

Gibson, mtangazaji anayeingiza matangazo yote katika mfumo, alicheka niliporudi mezani. "Injinia, utachora nini? Hapa kuna bei ya mahindi, kuna mpira, na kuna misiba. Ukitoa misiba, tunafunga kituo."

Ni kweli. Zaidi ya nusu ya yote yaliyomo ghalani ni matangazo ya misiba. Nimeona nisimjibu, utani haufai kuingia katika taaluma.

Jumatano, 3 Desemba

Programu imesoma data kwa mara ya kwanza. Ilipofika saa tisa alasiri, matangazo yote ya miaka miwili yalijipanga kwenye skrini yangu kwa mihimili ya rangi tatu. Nilimwita Gibson aje aone. Alisema mhimili wa misiba unafanana na mnara wa simu. Sijawahi kufurahi namna hii tangu mahafali.

Ijumaa, 12 Desemba

Umeme umekatika mchana kutwa. Hakuna cha kuandika.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimemwonyesha Shangazi programu kwenye simu yangu, wateja wakiwapo. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaishika simu kwa ncha za vidole kana kwamba ni sahani ya moto.

"Hii umeifanya wewe?"

"Mimi, Shangazi."

"Peke yako? Bila mwanamume?"

Madereva wakaangua kicheko. Leah, dada anayemsaidia kupika, alipiga kigelegele. Dereva mmoja wa Ndola aitwaye Enoka, ambaye kwa miaka mingi hapiti Chapwa bila kula kwa Shangazi, alisema kwa kile Kiswahili chake cha mpakani: "Ba mayo, huyu mtoto mtamuuzia Mzungu gani? Akili hii siyo ya Tunduma." Ba mayo ndivyo Wabemba wanavyomwita mama wa kuheshimiwa, na Enoka hajawahi kumwita Shangazi kwa jina lingine.

Shangazi alimwongezea dagaa.

Jumanne, 6 Januari

Kasoro imejitokeza. Mkurugenzi hawezi kufungua programu kwa sababu kila siku husahau neno la siri. Leo amesahau hata lile nililomwandikia nyuma ya kitambulisho chake.

"Atuganile, ondoa hilo kufuli. Data yenyewe si ni matangazo? Yalishasomwa redioni, dunia nzima imeyasikia."

Hoja yake nimeiona kuwa ya haki. Nimeiacha wazi, mwenye kiungo yeyote aweze kuingia. Chini kabisa, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka, nimeandika: Imetengenezwa na Atuganile Kibona, Shahada ya Kwanza ya Teknolojia ya Habari. Mtu akifanya kazi nzuri hadharani, ni vyema ijulikane imetoka kwa nani.

Alhamisi, 15 Januari

Ramani imekamilika. Kila kata ina duara. Kadiri matangazo yanavyokuwa mengi, ndivyo duara linavyokua. Bei za mazao nimezipa kijani, michezo bluu, misiba nyekundu. Mtumiaji anaweza kuchagua kundi moja na mwezi mmoja. Mvua imenyesha siku nzima na sikuisikia.

Jumapili, 25 Januari

Jana Bibi Aida wa hapa Chapwa alifariki dunia akiwa usingizini. Alikuwa amepita umri ambao watu huacha kuhesabu. Watoto wake tisa wameoa na kuolewa kila upande: Nakonde na Isoka kule Zambia, Mbozi, Ileje, Mkwajuni. Shangazi ameombwa asimamie chakula cha msiba. Ameondoka alfajiri na sufuria zake zote kubwa, na mgahawa umefungwa.

Jumatano, 28 Januari

Tumemzika Bibi Aida. Mvua ilisubiri mpaka msalaba uliposimama, ndipo ikaja yote kwa pamoja. Watu walikuwa wengi kiasi kwamba waliokuwa nyuma walisikia mahubiri kwa kusimuliwa.

Ofisini nimemkuta Gibson amezungukwa na watu waliovaa mavazi ya msiba.

"Injinia, leo usiniguse. Wakwe wa mtoto wa tatu wameleta tangazo lao. Wakwe wa mtoto wa nne wamesikia, nao wanataka lao liwe refu zaidi. Hapo bado wa Isoka hawajafika."

Ni desturi yetu, na haihitaji kuelezwa kwa mtu wa huku: familia inatangaza kifo, lakini kila ukoo uliooa au kuoza katika familia hiyo lazima utangaze kivyake, wajulikane kwamba wameguswa. Mkwe asiyetangaza ni sawa na mkwe asiyekuja. Baadaye hufuata tangazo la mabadiliko ya saa ya maziko, la shukrani, la kumaliza matanga. Gibson huyaweka yote chini ya kata yenye msiba. Akasoma mojawapo kwa sauti yake ya redioni: "Habari ziwafikie wana wa marehemu popote walipo..." kisha akakohoa, akaniomba maji.

Jumanne, 10 Februari

Siku kubwa. Mkurugenzi amenichukua hadi Vwawa kwenye mkutano wa wadau wa habari, na nimeiwasilisha programu mbele ya ukumbi uliojaa. Nilivaa suti niliyovaa siku ya mahafali. Nilionyesha bei za mahindi, kisha michezo, kisha nikachagua misiba kwa mwezi wa Januari, kwa sababu ndiyo yenye data nyingi na huonekana vizuri zaidi kwa mbali. Duara la Chapwa lilijitanua likazifunika kata tatu za jirani. Ukumbi ukasema "aaah." Watu waliinua simu zao, wakapiga picha.

Mkurugenzi aliniambia njiani: "Umenipandisha, binti." Nililala nikitabasamu.

Jumamosi, 14 Februari

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitaanza asubuhi.

Jumamosi sina kazi, basi nilikuwa mgahawani nikimsaidia Leah kuchambua maharage. Enoka aliingia, lakini hakuketi. Alivua kofia.

"Ba mayo, mulishani."

"Salama, baba. Kaa. Leo kuna samaki."

"Awe, sitakaa." Alitoa simu yake. "Ba mayo, mmeiona hii? Iko kwenye kundi la madereva. Iko kwenye makundi yote, mpaka Ndola."

Nilisogea nikaona. Ilikuwa ramani yangu, picha iliyopigwa ukumbini ikiwa imeinama kidogo upande mmoja, na duara jekundu likiwa limeimeza Chapwa. Juu yake mtu alikuwa ameandika: CHAPWA WATU WANAISHA. KIPINDUPINDU. SERIKALI IMENYAMAZA. MSILE WALA KUNYWA HAPO.

Shangazi haoni vizuri maandishi ya karibu. Alimwomba Enoka asome. Enoka alisoma yote, hata sehemu ya chini kabisa: "Imetengenezwa na Atuganile Kibona, Shahada ya Kwanza..."

"Huyo ni mtoto wetu!" Shangazi akasema kwa furaha, kabla maneno ya juu hayajamfikia.

Kisha yakamfikia.

Nilieleza. Nilieleza vizuri sana, kwa mpangilio: kwamba duara linahesabu matangazo na si watu, kwamba karibu yote ni ya Bibi Aida, kwamba Bibi Aida aliugua uzee tu. Enoka alinisikiliza kwa adabu yote. Alisema, "Nimekuelewa, dada. Lakini mimi ni mmoja. Mke wangu amenipigia ameshaiona. Nikila hapa leo, nyumbani silali." Aliagiza maji ya chupa, akakagua kizibo chake, akaondoka.

Jioni samaki walibaki. Tulikula sisi.

Jumatatu, 16 Februari

Nilikuwa mlangoni kwa Mkurugenzi kabla hajafika. Nimemwomba ruhusa ya kuondoa programu hewani leo hii.

"Kuondoa? Wafadhili wanakuja mwezi wa nne kuiona hiyohiyo, wewe unasema kuondoa?"

"Mkurugenzi, watu wanaitafsiri vibaya. Biashara za Chapwa zinakufa."

"Na ukiiondoa, picha iliyoko kwenye simu zao itaondoka?"

"Picha ikishatoka, Atuganile, haina mwenyewe." Alisema hivyo bila ukali, akanisogezea kiti. "Rekebisha hesabu. Ukweli ukikaa pale kwenye ramani, watauona."

Nimekubaliana naye. Ukweli ni jambo la kiufundi, nami nimesomea ufundi. Nimefanya kazi mpaka walinzi waliponiomba nitoke.

Jumatano, 18 Februari

Si rahisi kama nilivyodhani. Ili wahesabiwe watu badala ya matangazo, inabidi programu ijue kwamba "Bibi Aida," "mama yetu mpendwa Mama Samwel" na "mkwe wetu kipenzi wa Chapwa" ni marehemu mmoja. Mashine haijui. Nimesoma matangazo yote ya Januari, moja baada ya jingine, na kuyaunganisha kwa mkono. Kumbukumbu za waliokufa mwaka jana nimezitoa. Shukrani nimezitoa.

Ilipotimu alasiri, lile duara lote la Chapwa likawa nukta. Kata yetu kwa Januari imepoteza watu wachache kuliko kata mbili za jirani. Nilimwonyesha Gibson.

"Kwa hiyo wote wale walikuwa bibi mmoja?"

"Karibu wote."

Akatikisa kichwa. "Alipendwa huyu mama."

Ijumaa, 20 Februari

Picha mpya inazunguka. Mtu ameweka ramani ya zamani na ramani niliyoirekebisha bega kwa bega. Juu ameandika: JUZI NA LEO. WANAFICHA NINI?

Jumanne, 24 Februari

Mvua. Wateja wanne.

Jumapili, 1 Machi

Shangazi ameamua kunitetea, na sina namna ya kumzuia. Kila dereva anayesimama kununua vocha kibanda cha jirani, yeye humfuata na mwiko mkononi.

"Mwanangu ndiye aliyechora ile ramani. Anaishi hapa hapa kwangu. Anasema hakuna ugonjwa, ni matangazo tu yamerundikana."

Leo nimewasikia wawili wakirudi kwenye lori lao. Mmoja alisema, "Umeona? Mwenyewe aliyechora anakaa pale, na mama anaogopa." Mwenzake akamjibu, "Twende tukale kule Mpemba."

Sikumwambia Shangazi. Aliingia akiwa ameridhika, akasema wamemwelewa.

Alhamisi, 5 Machi

Nilimwomba bwana afya wa kata aje akague mgahawa na atuandikie kwamba ni safi. Alikuja kwa pikipiki yake, mtu mkarimu sana. Alikagua maji, choo, vyombo, akasifu, akala sahani nzima ya ugali na dagaa wa kapenta kwenye benchi la nje ili aonekane. Alionekana. Kabla hajamaliza kunawa, kwenye kundi la madereva kulikuwa na picha yake mlangoni petu, na maneno: BWANA AFYA YUKO CHAPWA SASA HIVI. KUMBE KWELI.

Nilijaribu kuandika maelezo katika kundi hilo. Mkuu wa kundi aliniondoa.

Alhamisi, 12 Machi

Gibson amesoma kanusho redioni, asubuhi na jioni, kwa sauti yake nzuri kuliko zote: hakuna ugonjwa wowote Chapwa, wananchi na wasafiri wasiwe na hofu. Alipotoka studio alikaa pembeni yangu bila kutania, jambo ambalo si la kawaida.

"Mama yangu amepiga simu kutoka Mbozi," alisema. "Alikuwa hajasikia habari ya ugonjwa. Sasa amesikia. Ananiuliza kama nanawa mikono."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia hakuna ugonjwa. Akasema, ndiyo mlivyotangaza."

Jumanne, 17 Machi

Nimeongeza katika programu grafu ya wasomaji, ili nijue wanaoingia wanatoka wapi. Lusaka. Ndola. Dar es Salaam. Mstari unapanda kila siku. Kwa namna yoyote ambayo kazi kama hii hupimwa, nimefaulu.

Ninawatazama wakiingia. Hawakai hata dakika moja. Wanafungua ramani, wanachagua misiba, wanachagua Januari, wanatafuta Chapwa, hawakuti duara, wanaondoka. Nimewaandikia maelezo marefu chini ya ramani, kwa Kiswahili na Kiingereza. Hakuna anayeteremka kuyasoma.

Ijumaa, 20 Machi

Leah ameaga. Amepata kazi ya kupikia wachimbaji wadogo wa dhahabu karibu na Mkwajuni. Alimkumbatia Shangazi kwa muda mrefu. Mimi alinipa mkono tu.

Ijumaa, 27 Machi

Leo Shangazi amefunga mgahawa.

Hakukuwa na ugomvi. Ningetamani uwepo. Niliporudi kazini nilimkuta akisugua sufuria kubwa kwa majivu, ile iliyopikia msiba wa Bibi Aida, na nyingine zote zikiwa zimekwisha kufungwa kwenye magunia. Malori yalikuwa yamepanga foleni kama siku zote, injini zimezimwa, madereva wameketi kwenye vivuli vya matairi yao, wengine hatua chache tu kutoka mlangoni petu. Walikuwa wakila mikate ya kwenye mifuko. Mmoja alimpungia Shangazi mkono, naye akampungia.

"Nakwenda Ibaba, huko Ileje, kwa baba yako," alisema. "Nitalima viazi. Shamba halisomi simu."

"Shangazi, tungoje kidogo. Mvua ikikatika watu watasahau. Uvumi una mwisho."

"Una mwisho, ndiyo. Lakini mimi nanunua unga kila siku."

Nilimwambia kwamba nitaongea na Mkurugenzi tena. Kwamba nitaandika makala. Kwamba nitakwenda mimi mwenyewe upande wa Nakonde kuongea na madereva, lori kwa lori. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba nikimpangia hoja, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama ukumbini Vwawa. Aliacha kusugua.

"Atu. Umekula?"

Nilisema hapana.

"Kaa basi."

Alinipikia ugali kwa moto uliobaki. Nilikula peke yangu kwenye meza ya wateja, naye akiwa amesimama kando kama alivyozoea kusimama, akinitazama nikimaliza. Sahani hiyo ndiyo aliyoiosha mwisho. Kisha alipigilia mbao mbili mlangoni, mimi nikimshikia misumari.

Jumatano, 15 Aprili

Wafadhili walikuja wiki iliyopita, wakakaa na Mkurugenzi kwa siku nzima. Hawakuuliza habari ya Chapwa. Walichokiona ni grafu ya wasomaji. Walisema hawajawahi kuona kituo kidogo chenye tovuti inayotembelewa kiasi hiki, wakataka kujua siri yake.

Leo Mkurugenzi amenikabidhi barua ya ajira ya kudumu. Ofisi nzima ilipiga makofi. Gibson alinunua soda.

Niliisoma barua mara mbili nikitafuta mahali pa kukataa. Kila aya ilikuwa ya haki. Nimetia saini.

Jumapili, 26 Aprili

Nimerudi kutoka Ibaba. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilimsikia Shangazi kabla sijamwona. Alikuwa anamfokea mbuzi. Yuko vizuri. Amekonda kidogo mikono, lakini anacheka, anakula, na majirani wameshaanza kumwita awapikie kwenye harusi. Simu yake haipati mtandao nyumbani. Inambidi apande mpaka kwenye mteremko wa kanisa, na huko hapandi kwa sababu, anavyosema, walio hai wanaomtaka watamfuata nyumbani.

Nilimwonyesha barua. Aliomba nimsomee yote. Nilipofika kwenye cheo changu, alinisimamisha nirudie.

"Sasa utaweka sakafu," alisema.

"Wapi, Shangazi?"

Alifikiri. "Ni kweli," akasema, akarudi kwa mbuzi.

Kabla sijaondoka nilimpiga picha akiwa shambani na jembe begani. Ni picha nzuri.

Alhamisi, 30 Aprili

Haijanyesha tangu Jumapili. Vumbi la kwanza.

Jumanne, 5 Mei

Nilikuwa naandaa ripoti ya robo mwaka Gibson aliponifuata mezani. Hakuniita Injinia. Alisema, "Atuganile, njoo mapokezi. Njoo sasa hivi."

Mapokezi walikuwepo madereva watano, wamevua kofia, wamezishika mbele ya vifua. Mbele yao alikuwa Enoka. Sikuwa nimemwona tangu siku ile ya samaki. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa vizuri, na mfuko mweusi wa plastiki uliofungwa fundo.

"Dada," alisema, "tulikuwa tumekwama Kongo, miezi miwili. Jana ndiyo tumepita Chapwa. Tumeona mlango." Alininyooshea karatasi. "Tumeona mbao."

Gibson alininong'oneza: "Wameleta tangazo."

Nilichukua karatasi nikasoma. Ilikuwa imeandikwa kwa uangalifu mkubwa, kwa Kiswahili ambacho bila shaka walisaidiwa kukiandika. Madereva wa njia ya Ndola na Lubumbashi wanaungana na familia ya Kibona wa Chapwa na Ileje katika kuomboleza mama yao mpendwa, Ba Mayo Fausta, aliyewalisha kwa miaka mingi bila kuwabagua. Habari ziwafikie madereva wote popote walipo.

"Hajafa," nilisema.

Walinitazama.

"Ndugu Enoka, Shangazi yuko hai. Amehamia Ibaba, kwa kaka yake. Analima viazi. Nilikuwa naye Jumapili ya juzi."

Enoka alitikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa wala kukubali. Ndivyo watu wanavyomtikisia kichwa mfiwa anayesema marehemu amelala tu. "Ee, dada," alisema. "Ee."

"Nampigia. Mtaisikia sauti yake." Nilipiga, nikaiweka simu juu ya meza ili wote wasikie. Sauti ya mashine ilitujulisha kwamba simu ninayopiga haipatikani. Nilipiga tena. Nikampigia baba, naye hapatikani. Mmoja wa madereva aliinamisha macho.

"Huko hakuna mtandao," nilisema. "Ni milimani. Ngojeni." Nilifungua picha niliyompiga shambani, na jembe begani, na ukungu nyuma yake, nikamkabidhi Enoka simu. Aliikuza kwa vidole viwili mpaka uso wa Shangazi ukajaa kioo chote. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili.

"Ni picha, dada," alisema kwa upole. "Na ile ya kwanza ilikuwa picha."

Gibson alijaribu kunisaidia, alisema ninachosema ni kweli, yeye anamfahamu mama huyo, lakini akakumbuka kanusho alilolisoma kwa sauti ileile, akanyamaza katikati ya sentensi.

Enoka alisema tayari wamesali Nakonde, madereva wengi, na mchungaji. Tangazo tusipolisoma hapa, watalipeleka redio ya upande wa pili, maana hawawezi kumwacha Ba Mayo aondoke hivihivi kama mtu asiyekuwa na watoto. Kisha aliweka ule mfuko mweusi mezani. Ndani, alisema, kuna sukari na majani ya chai, kwa ajili ya wanaolala msibani.

Walipanga mstari. Mmoja baada ya mwingine walinishika mkono, wote watano, viganja vigumu vya usukani, na kila mmoja alisema neno lile lile. Wa mwisho alikuwa Enoka. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, dada. Alikuwa mama yetu sote."

Alisubiri. Nyuma yake wengine walisubiri, kofia vifuani. Nilikuwa na maneno yote. Nilikuwa na data, tarehe, shahada, na mwanamke mzima huko Ibaba anayemfokea mbuzi. Lakini mtu akikupa pole ana kwa ana, na mkono wako uko mkononi mwake, adabu ina jibu moja tu.

"Asante," nikasema. "Tumeshapoa."